Tope Lile Halikuwa Tupu

Hawe alikuja siku ya tatu ya kupanda, maji yakiwa yamekupwa kabisa, leso moja kiunoni na nyingine kichwani, mkononi kikapu chake cha chaza. Alisimama kwenye kivuli cha mlilana wa mwisho, pale miti inapokomea na tope la wazi linapoanza, akatutazama. Tulikuwa vijana kama thelathini, tumezama hadi magotini, tunaimba huku tukichomeka miche ya mkoko kwa safu tulizonyoosha kwa kamba. Wafadhili walikuwa wametuletea fulana na maji ya chupa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na sikuwahi kufanya kazi iliyonipa fahari kama ile.

Hawe ni nyanya kwetu Wagiriama. Akaniita pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini ili wenzangu wasisikie:

“Mjukuu wangu, hapa mnapopanda, mbona mti haukuota wenyewe?”

Nikamjibu kwamba watu waliikata mikoko, nasi tunairudisha. Akatikisa kichwa. “Walikokata ni kule juu. Hapa mimi tangu niolewe sijaona mti.” Kisha akapandisha leso, akashuka taratibu topeni kwenda kwenye chaza zake. Hakurudia neno lile tena, si siku ile wala mwaka ule.

Swali lake lilinichukua miaka kulijibu. Nalieleza kwa urefu kwa sababu kila mara naona picha za watu wakipanda mikoko mahali ambapo mikoko haikai, nao wana nia njema kabisa, kama tuliyokuwa nayo sisi.

Kwetu ni Mida, upande wa Dabaso. Mida ni hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu karibu na Watamu, kaunti ya Kilifi. Mlango wake wa kuingilia bahari ni mwembamba, lakini ukishapita ndani pananyooka na kupanuka: mikondo, visiwa kama Kirepwe, mikoko pande zote, na katikati yake maeneo mapana ya tope na mchanga ambayo maji huyafunika na kuyafunua mara mbili kila siku. Serikali ilitangaza hifadhi ya bahari ya Watamu mwaka 1968, na hori letu limo ndani ya eneo linalolindwa. Kwa hiyo nimezaliwa hifadhini bila kujua. Mimi nilijua tu ni mahali pa mama kupata kitoweo.

Hakuna mto unaoingia Mida. Wageni hushangaa nikiwaambia hivyo, maana wamezoea kwamba mikoko huota mdomoni mwa mto. Maji baridi ya Mida hupita chini kwa chini. Nyuma yetu uko msitu wa Arabuko-Sokoke, takriban kilomita za mraba 420, na mvua inayonyesha kule hunywewa na mchanga, ikapenya kwenye mwamba wa matumbawe, ikaja kuchomoza ukingoni mwa hori. Maji ya bahari yakikupwa unaviona vijito vyembamba vikitoka chini ya mawe na kuchora mistari topeni. Nilipokuwa mdogo Hawe alinifundisha kuvionja. Anachovya kidole, anakiweka ulimini, kisha ananiambia nami nifanye hivyo. Mahali pengine chumvi inakuwasha, pengine ni ya kukisiwa tu, na baada ya masika kuna pahala maji yanatoka matamu kiasi cha kuoshea uso. “Mti unajua tofauti hii,” alikuwa akisema. “Samaki naye anajua. Wewe usiwe wa mwisho kujua.”

Alinionjesha pia jani la mchu. Ukililamba upande wa juu asubuhi, unapata chumvi kavu, kwa sababu mchu hunywa maji ya bahari kisha huitoa chumvi kwa majani. Mkoko hauna tabia hiyo, wenyewe huizuia chumvi nyingi mizizini isipite. Watu wa mjini huita miti yote hii mikoko, na Kenya tunayo ya aina tisa, lakini kwa Hawe kila mmoja ulikuwa na jina, kazi na makao yake. Mlilana hukaa mbele kabisa, unatazamana na maji, na mbao zake ni za mataruma ya mashua. Nyuma yake unafuata mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyojipinda kama miguu ya kaa. Kisha muia, kisha mkandaa ambao maganda yake hutia rangi nyekundu. Mchu unapatikana mbele na unapatikana tena nyuma, mpaka kwenye wangwa, ile ardhi ya chumvi inayofikiwa na maji ya bamvua peke yake.

Neno bamvua ndilo lililotushinda siku zile za kupanda, ingawa sote tulilijua tangu utoto. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa kupita kiasi na kukupwa kupita kiasi. Kwetu tofauti ya maji kujaa na maji kukupwa siku za bamvua hufika karibu mita 4. Katikati ya nyakati hizo ni maji mafu: hayapandi sana wala hayashuki sana. Sisi tulipanda siku za bamvua, maji yakiwa yamekwenda mbali kuliko kawaida, na lile tope la mbali lililofunuliwa tukalichukulia kama ardhi iliyo wazi inayosubiri mtu. Hatukujiuliza litakuwaje wiki ijayo kwenye maji mafu, wakati lingeshinda limezama mchana kutwa.

Miche tuliyochomeka ilitoka kwenye mti mama. Mbegu ya mkoko huchipua ikiwa bado juu, inaning'inia kama kijiti kirefu cha kijani, kisha huanguka. Ikianguka mahali pake, husimama na kutoa majani. Ilikuwa rahisi kupanda na iliota haraka kwenye viriba, kwa hiyo tukapanda mkoko mtupu. Hakuna aliyeuliza kama pale ni pa mkoko.

Mwezi wa kwanza yote ilikuwa mizima, na picha zikapigwa. Mwezi wa pili vijiti vilianza kuvaa ukijani wa utelezi, halafu vile vigamba vidogo vyeupe vinavyong'ang'ania matumbo ya mashua, mche mmoja hadi mamia, ukainama kwa uzito. Kusi lilipoanza mawimbi madogo yakamaliza kazi. Mtu anaweza kudhani mche wa mikoko haufi maji, lakini unakufa. Ukiwa chini mno, saa nyingi za siku unazama mzima mzima, mizizi haipati hewa, majani hayapati jua la kutosha, na kila unapojaribu kujiinua kuna kitu kimekulalia. Baada ya miezi tisa nilikwenda peke yangu kuhesabu. Kati ya maelfu tuliyopanda nilipata arobaini na mmoja yenye jani. Nilihesabu mara mbili. Nililia, nasema kweli, maana nilikuwa nimewapeleka pale watoto wa shule na kuwaambia wachague kila mtu mti wake.

Wafadhili walipopata taarifa walileta miche mingine. Tukapanda palepale.

Aliyenifumbua macho ni baba, naye hakuwa akizungumzia miti. Baba alikuwa akiwinda kaa wa mikokoni, wale wakubwa weusi wa kijani, kwa ufito wenye chuma kilichopindwa nchani. Anajua tundu lenye kaa na tundu lililohamwa kwa kutazama tope lililotupwa nje, kama ni bichi au limekauka. Jioni moja tunarudi kwa mtumbwi akaniambia, kama anayetaja hali ya hewa, “Cheleo wamehamia upande wa pili.” Nikauliza kwa nini. “Mmewawekea ua.”

Hapo nikageuka kuitazama safu yetu, vijiti vilivyokufa na vilivyo hai, na kamba ambazo hatukuziondoa. Kweli, ulikuwa ua.

Nilikuwa nimewaona cheleo maisha yangu yote bila kuwatazama. Ni ndege mweupe na mweusi, miguu mirefu ya rangi ya majivu ya buluu, mdomo mweusi mnene kuliko unaotarajia kwa ndege wa umbo lile. Mdomo huo ni wa kuvunjia kaa. Anakimbia, anasimama ghafla, anakimbia tena, kisha anachota. Hana ndugu wa karibu. Wataalamu wamempa familia yake peke yake, aina moja tu duniani. Na hazai kwetu. Anazalia visiwani na fukweni huko Ghuba, Oman na pwani za Bahari ya Shamu mpaka Somalia, miezi ya joto kali, kwa namna ambayo sikuiamini nilipoambiwa mara ya kwanza: anachimba shimo mchangani kama panya, anataga yai moja jeupe ndani yake, na joto la mchanga wenyewe linamsaidia kulitunza. Kifaranga hubaki shimoni akilishwa. Hata wakishasafiri kuja huku, utamwona mtoto wa rangi ya kijivu akimfuata mzazi topeni akilialia apewe kaa. Miezi mingi tangu ajue kuruka, bado analishwa. Ndege wengi wa pwani wanaokula topeni hawafanyi hivyo. Watoto wao hujitafutia mapema.

Huanza kuonekana mwisho wa Agosti, na kaskazi likishika wanakuwa mia kadhaa. Mwezi wa nne, kusi linapoanza kuvuma, wanaondoka na upepo mgongoni, njia ileile iliyofuatwa na majahazi yaliyokuwa yakirudi Uarabuni na boriti za pwani yetu. Wazee wa Watamu walioyaona majahazi hayo wanakueleza misimu ya cheleo bila kukosea, kwa kuwa kwao ni hesabu moja.

Kuna mtafiti mmoja alikuwa akija kuhesabu ndege. Nilimwendea nikamwomba anifundishe, akanipa darubini na akanionyesha namna ya kuhesabu kundi. Usihesabu mmoja mmoja. Hesabu kumi kwa makini, yakae machoni mwako lile eneo la ndege kumi, kisha lipitishe juu ya kundi zima kama mwenye kupima kitambaa kwa mkono. Miezi ya kwanza nilikuwa nakosea sana, hasa wanaporuka na kugeuka kwa pamoja. Lakini kuhesabu kulinifundisha kitu ambacho kupanda hakukunifundisha: kukaa mahali pamoja saa tatu nzima, kimya, maji yakitoka.

Na maji yakitoka ndipo unapoona. Wa kwanza kufunuliwa ni ule ukingo wa juu, na hapo wanashuka vitwitwi wadogo, wanakimbia na mstari wa maji unavyorudi nyuma. Wao midomo yao mifupi huchukua vilivyo juu ya tope. Nyuma yao wanakuja wenye midomo ya wastani, halafu sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda kama mundu, anayeuingiza wote tunduni akamtoa kaa kwa mguu. Kila mdomo una kina chake. Ukichota konzi ya lile tope ukalisuuza kwenye maji, utabaki na minyoo myembamba kama uzi, chaza wadogo kama punje za mchele, konokono, na kaa wachanga wasiofika ukucha. Maelfu ya ndege wanaishi kwa hiyo konzi. Wengine wametoka mbali mno: kuna kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo anayezaliana Siberia, kaskazini kabisa ambako ardhi huganda, na wapo vitwitwi wa mchanga kutoka Asia ya Kati. Hufika wamekonda. Kufikia Machi wameanza kunenepa, tena wanabadilika rangi. Yule wa Siberia anageuka kuwa mwekundu kama tofali. Wanakula usiku na mchana, maana saa ya chakula kwao haipangwi na jua, inapangwa na maji. Mafuta watakayoondoka nayo Aprili wameyatoa palepale, kwenye tope nililoliita tupu.

Na ndege hawa hawapendi kufungwa macho. Wanataka uwanja, wamwone kozi akiwa bado mbali. Mahali penye vijiti vingi, hata kama chini yake pana chakula, hawatui kwa amani. Kwa hiyo sisi, katika jitihada ya kuiokoa Mida, tulikuwa tumechukua sehemu ya meza yao, na juu ya meza hiyo tukapanda miti isiyoweza kuishi.

Nikarudi kwa Hawe. Wakati huo alikuwa hatembei tena mpaka majini, anashinda barazani akisuka ukili. Nikamwambia, Hawe, ile siku uliniuliza swali, na leo nina jibu: pale mti haukuota kwa sababu maji hayauruhusu, na pana wenyewe. Alitabasamu, akaendelea kusuka. “Sasa walikokata miti ni wapi?” Ndivyo alivyouliza.

Kule juu. Kule alikokuwa ameniambia tangu mwanzo.

Kule juu, nyuma ya mikandaa, palikuwa na wangwa mkubwa uliokuwa na michu wakati wa ujana wake. Ilikatwa kwa kuni na kwa kujengea, hilo sote tulijua. Tusilolijua ni kwa nini haikurudi wakati mbegu za mchu huanguka kwa wingi na kuelea kila mahali, ndogo, bapa, kama maharage mapana. Nilikwenda na baba siku ya bamvua kubwa tukafuata maji yanavyopanda. Yalipanda vizuri kwenye mkondo mwembamba, yakafika kwenye tuta, yakasimama. Mtu mmoja miaka mingi nyuma alikuwa ametaka kupitisha gari mpaka karibu na maji, akamwaga mawe na udongo kukatisha mkondo, bila kuweka bomba la kupitishia maji. Upande wa pili wa tuta maji hayakuingia ila bamvua za juu kabisa, na yakiingia hayakutoka. Yalikaa yakakauka, yakaacha chumvi. Ardhi ilikuwa nyeupe, ngumu, inavunjika chini ya mguu kama ganda la yai. Hata konokono hakuwapo.

Tulikwenda kuzungumza na wenye shamba na wazee, mikutano mingi kuliko ninavyoweza kueleza. Ilituchukua karibu mwaka kupata ruhusa. Kazi yenyewe ilikuwa siku nne: majembe, sururu, na matoroli mawili. Tulikata tuta mahali pawili, tukaufuata mkondo wa zamani ambao bado ulionekana kwa rangi ya udongo, hatukuchimba mpya. Hakuna aliyepewa fulana. Hatukupanda hata mche mmoja.

Bamvua iliyofuata maji yalipita. Nilisimama juu ya tuta nikayaona yanaingia, yakisukuma mbele povu na majani makavu, na ndani ya majani hayo mbegu za mchu zinaelea.

Mwaka wa kwanza sikuona kitu ila chumvi kupungua. Walitangulia kaa, wale wadogo ambao dume ana gando moja kubwa analolipunga kama anayeita mtu. Walitoboa ardhi, na matundu yao yakaingiza hewa na maji kule chini ambako palikuwa pamegandamana. Mtu asiyejua atasema ni wadudu tu, lakini mimi sasa nikitaka kujua kama mahali panapona naangalia matundu kwanza. Baada ya masika ya pili ndipo zilipotokea michu midogo, majani mawili mawili, ikifuata ukingo wa mkondo kama watoto waliopangwa foleni. Mikandaa ikafuata. Tondo wakaja, wale konokono warefu weusi, wakala majani yaliyoanguka. Kaa wengine huyaburuta majani hayo mpaka mashimoni. Leo kuna miti inayonizidi kimo. Mkizi wachanga wanaingia mkondoni humo kwenye maji ya kujaa, na mama mmoja jirani amerudi kutega kamba wa kitoweo mahali ambapo hajatega tangu awe msichana.

Sisemi kupanda ni vibaya. Yako mahali ambapo mti mama umekwisha kabisa na mbegu haina pa kutokea, huko kupanda kunahitajika, na kwenye pwani yetu kuna waliofanya vizuri. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji wanatunza hekta 117 za mikoko katika mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013, na kinachowapa mapato, ambayo hugeuka kuwa maji na vitabu vya shule, kwa sehemu kubwa ni kuulinda msitu uliopo usikatwe. Ninachokipinga ni kupanda kwa ajili ya kuhesabu miche iliyopandwa. Hesabu hiyo hufanywa siku ya kwanza, na siku ya kwanza kila mche uko hai.

Na Mida bado ina mashaka yake. Nyavu za macho madogo zinapitishwa mikondoni na kukomba watoto wa samaki, chewa na tafi na changu ambao wangekua hapa kabla ya kutoka kwenda mwambani. Maji machafu ya majumba yanayoongezeka ukingoni hupita kwenye mwamba uleule wa matumbawe unaopitisha maji ya mvua, na mwamba huo hauchuji vya kutosha. Nyumbani kwetu wenyewe tunapikia kuni, siwezi kumlaumu mwanamke anayebeba mzigo wa mkandaa wakati hana kingine cha kuchemshia uji. Kwa hiyo ninapoongoza wageni kwenye lile daraja la mbao na kamba linaloning'inia kati ya mikoko, huwaambia pesa yao inakwenda wapi. Mpango wa ASSETS, ulioanzishwa na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya mwaka 2001, huchangia karo ya sekondari ya watoto wanaokaa kandokando ya msitu na hori. Mtoto ambaye karo yake imetoka kwa cheleo hamrushii cheleo jiwe. Hilo nimeliona kwa macho.

Vijiti vyetu vya zamani niliving'oa mwenyewe na baba na vijana sita waliokubali. Kamba zilikuwa zimejizonga topeni, tukazikata kipande kipande kwa kisu. Ile mikoko michache iliyokuwa bado na majani ilinitia uzito moyoni. Tulitafuta pa kuihamishia, karibu yote ikafa, imebaki minne, iko nyuma kwenye mstari wa mikoko mingine na imeanza kushusha mizizi. Cheleo hawakurudi msimu ule. Walirudi uliofuata, wawili wawili, wakakaa ukingoni kama wanaopima.

Hawe amefariki. Kikapu chake ninacho, na binti yangu wa miaka tisa ndiye anayekibeba tukienda kwenye chaza. Mwezi wa nne uliopita nilimpeleka jioni, maji yakijaa, mahali ambapo tulipanda. Vitwitwi wa Siberia walikuwa wekundu, wamenenepa mpaka hawana shingo, wamesongamana na cheleo kwenye mchanga wa mwisho uliobaki juu ya maji. Nilimfundisha kuhesabu kumi na kulishika lile eneo machoni. Alikuwa amefika mia na themanini, midomo ikimcheza, wakati maji yalipowagusa miguu. Wakaruka wote mara moja, wakazunguka juu ya mikoko, wakageuka, weupe ukawaka, kisha sehemu yao wakapanda juu zaidi kuliko ninavyowaona kila siku na kushika njia ya kaskazini mashariki.

“Mama, hao nimeshawahesabu au bado?” akaniuliza, darubini ingali machoni.

Nikamwambia aandike mia na themanini, na pembeni yake aandike saa.